Akili Ikidorora: Tuanzie Wapi Kutafuta Chanzo, Sisi wa Mtwara na Lindi

Mwaka juzi, shule zilipofunguliwa baada ya likizo ya Juni, mama mmoja alinijia na daftari la hesabu la binti yake wa darasa la sita. Akalifungua mezani kwangu, kwanza ukurasa wa Februari, halafu wa Julai. Februari mtoto anagawanya tarakimu tatu kwa mbili, hafuti hata mara moja. Julai anaanza vizuri, anafika katikati, anaacha. Maswali kumi yote yameanzwa, hakuna lililoisha.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto akili zake zimekwenda wapi? Baba yake anasema simu. Bibi yake anasema amechezewa na wachawi. Wewe unasemaje?"

Nikasema simu. Nilikosea, na kosa lile lilimgharimu mtoto miezi miwili. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu wa kutafuta chanzo kabla ya kutoa hukumu, na ndio ninaouandika hapa kwa wazazi na walimu wenzangu. Fundi akiletewa redio isiyosema haanzi kubadilisha spika. Anaanza kuangalia kama umeme unaingia.

Kwanza kabisa: ni ghafla au polepole?

Mtu mzima aliyeamka akiongea vizuri, mchana maneno yanamponyoka na mdomo umekwenda upande. Mtoto mwenye homa ameanza kuweweseka. Mgonjwa wa kisukari anatoka jasho na haelewi anachoulizwa. Ukiona mojawapo ya hayo acha kusoma, tafuta usafiri wa kwenda hospitali sasa hivi. Kiharusi, malaria kali na sukari iliyoshuka ni mambo ya saa chache.

Yaliyobaki hapa ni ya kudorora polepole.

"Watoto wa siku hizi hawana akili": je, ni kweli?

Maneno haya nayasikia kila kijiwe, kuanzia Chikongola hadi Nanyamba, na yanaharibu kazi ya kutafuta chanzo kabla haijaanza. James Flynn, mtafiti wa New Zealand, ndiye aliyeonyesha kwamba katika karne ya 20 alama za vipimo vya akili zilikuwa zinapanda katika nchi nyingi zilizotunza kumbukumbu, kwa kiasi cha alama 3 kila miaka 10. Baadaye baadhi ya nchi zikaanza kuteremka. Mwaka 2018 Bernt Bratsberg na Ole Rogeberg walichapisha uchambuzi wa alama za vijana wa Norwei waliopimwa wakati wa kuitwa jeshini, waliozaliwa kati ya 1962 na 1991. Alama zilipanda mpaka kwa waliozaliwa katikati ya miaka ya 1970, kisha zikashuka.

Kilichonigusa zaidi ni pale walipowalinganisha ndugu wa tumbo moja. Hata ndani ya nyumba moja, kaka na mdogo wake, mteremko ulikuwepo. Baba ni yuleyule na mama ni yuleyule, kwa hiyo huwezi kusema ukoo umeharibika. Kilichobadilika ni mazingira waliyokulia, na kilichobadilika kwenye mazingira kinatafutika.

Jambo la pili ni kwamba "akili" si kitu kimoja. Msimu wa korosho nimesimama kwenye mizani ya chama cha msingi na babu mmoja. Gunia lake likasoma kilo 74. Akasema kimoyomoyo, "Tufanye bei ni elfu mbili na mia." Kabla karani hajamaliza kubonyeza kikokotoo, mzee ameshataja: laki moja, hamsini na tano elfu, mia nne. Mjukuu wake wa kidato cha pili alikuwa pembeni, hakuweza. Lakini mjukuu huyohuyo anausoma mchoro wa bei za minada na kuueleza, jambo ambalo babu yake hajawahi kufundishwa. Kwa hiyo kabla ya kusema mtoto amepungukiwa, jiulize: amepoteza alichokuwa nacho, au hajawahi kukizoea? Daftari la mama yule lilikuwa na jibu. Februari aliweza.

Dalili: anaanza vizuri, hamalizi

Hapa angalia damu. Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na oksijeni hiyo inabebwa na damu. Damu ikipungua mtoto hawi mjinga, anachoka. Atafanya mstari wa kwanza kama zamani, wa tatu atakuwa ameegemea dawati.

Geuza kope ya chini ya jicho uangalie, tazama na viganja na ulimi. Weupe ni ishara, ila usiishie hapo. Zahanati au kituo cha afya wanapima kwa tone moja la kidole. Kwetu visababishi vinavyojirudia ni vitatu: malaria isiyoisha vizuri, minyoo ya safura inayoingia kwa miguu peku na kunyonya damu tumboni, na chakula kisicho na madini ya chuma. Kwa mabinti walioanza kuvunja ungo ongeza cha nne, damu ya mwezi. Kichocho nacho kipo: mvulana akikojoa damu huwa anadhani ni sehemu ya ukubwa, na kwa wenzake ni utani. Muulize waziwazi.

Binti yule alikuwa na safura, malaria, na alikuwa amevunja ungo mwezi Aprili bila mtu wa shuleni kujua. Bibi yake hakuwa mbali sana na ukweli, maana kweli kuna kitu kilikuwa kinamnyonya. Alipewa dawa za minyoo na za malaria, na vidonge vya kuongeza damu. Nyumbani mama yake akaanza kumpa mbaazi na dagaa mara nyingi zaidi na kipande cha embe au ndimu mlo uleule, kwa sababu uchachu unasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai wakaihamisha mbali na chakula, maana inayazuia. Oktoba alikuwa anamaliza maswali saba kati ya kumi.

Dalili: mzito tangu mdogo, na si yeye peke yake nyumbani

Hapa ndipo ninapowaomba watu wa Kusini wasimame kidogo, kwa sababu jambo hili ni letu hasa. Ukikuta watoto wa nyumba moja, au wa kitongoji kizima, wako nyuma kwa kuongea, kukumbuka na kuhesabu, acha kumchunguza mtoto. Ingia jikoni. Tafuta vitu viwili: kopo la chumvi na unga wa muhogo.

Tuanze na chumvi. Tunaishi kando ya mabwawa ya chumvi, Lindi, Kilwa, Mtwara, na wengi tunaamini chumvi ya bahari inajitosheleza. Haijitoshelezi. Madini joto yaliyomo ndani yake kiasili ni kidogo mno, yanatakiwa yaongezwe baada ya kuvunwa. Sheria inataka hivyo tangu miaka ya 1990, lakini ile ya mawe inayouzwa kwa kopo kutoka kwa mvunaji mdogo mara nyingi haijapita huko. Madini joto ndiyo tezi ya shingoni inayoyatumia kutengeneza homoni ya kukuza ubongo, na mtoto aliye tumboni miezi ya mwanzo anategemea homoni ya mama yake tu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliolinganisha jamii zenye upungufu na zisizo nao ulikuta pengo la wastani wa alama 13.5 katika vipimo vya akili. Hilo ni pengo la mtoto anayefuata somo na yule anayeburuzwa.

Afisa afya anaweza kuipima chumvi yako kwa matone: ikigeuka bluu au zambarau, madini yamo, ikibaki nyeupe, hayamo. Na hata uliyonunua dukani ikiwa na madini, unaweza kuyapoteza mwenyewe kwa kuiacha wazi juani, kwenye unyevu au karibu na moto. Itunze kwenye chombo chenye mfuniko, itie mwisho wa kupika. Wanaokula samaki wa bahari mara kwa mara wana nafuu kidogo. Aliye juu Newala au Tandahimba hana nafuu hiyo kila siku.

Sasa muhogo. Tunapanda muhogo mchungu kwa sababu za maana: unastahimili jua, na nguruwe pori hawaushambulii kama ule mtamu. Lakini uchungu ni sumu ya sayanidi, na mwaka wa ukame sumu huongezeka kwenye mizizi, mwaka uleule ambao njaa inatuharakisha kuuandaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kipindi cha ukame, watu wa vijiji vya Masasi waliugua kwa kula muhogo ulioandaliwa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ukapata wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na haupoi. Jina lenyewe ni la Kiyaka cha Kongo, maana yake miguu iliyofungwa.

Kwa nini naliweka hili kwenye habari ya akili? Kwa sababu utafiti uliofanyika Kongo na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hata watoto ambao miguu yao ni mizima, wanaokula muhogo uleule, walifanya vibaya kuliko watoto wa maeneo yasiyo na konzo katika vipimo vya kumbukumbu na kujifunza. Sumu inawagusa kabla ya kuonekana. Tena mwili unapopambana na sayanidi huigeuza kuwa thaiosayaneti, na hiyo inaizuia tezi ya shingoni kuchukua madini joto. Yaani nyumba yenye chumvi isiyo na madini na muhogo mchungu usioondolewa sumu inapigwa mara mbili mahali palepale. Nimefundisha miaka mingi bila kulijua hili, na linaniuma.

Makopa yaliyoanikwa peke yake hayatoshi kwa muhogo mchungu, na kupika ugali hakumalizi sumu. Kuloweka na kuvundika siku kadhaa ndiko kunakosaidia sana. Kama maji ni shida, ipo njia aliyoibuni Howard Bradbury, mwanasayansi wa Australia, nayo haihitaji kununua chochote. Tia unga kwenye bakuli, usawazishe, uweke alama ndani ya bakuli ulipoishia. Ongeza maji kidogo kidogo huku unachanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha. Tandaza unga ule mbichi juu ya jamvi safi, unene usizidi sentimita moja, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inaondoka kama hewa. Songa ugali siku hiyohiyo, ukilaza unavunda. Weka na kitoweo, iwe mbaazi, kunde au samaki, kwa sababu mwili unahitaji protini kuiondoa sumu iliyobaki.

Katika nyumba ya namna hii, mpime pia mtoto mdogo urefu. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba mpaka miaka miwili, ndizo zinazouamua ubongo kwa sehemu kubwa. Mama mjamzito anayerudishwa nyumbani bila vidonge vya kuongeza damu arudi tena, na aombe.

Dalili: anasoma, hakibaki

Uliza analala saa ngapi. Usimuulize saa anayoingia kitandani, uliza saa taa ya simu inapozimika. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10, mtu mzima 7 au zaidi, na ni usingizini ubongo unapopanga ulichojifunza mchana. Msimu wa korosho fedha zikiingia, muziki haulali, na chumba chenye bati jipya mwezi wa kumi na mbili hakimwachi mtu alale kwa joto hata kama kimya kipo. Chandarua kilichotoboka kinaleta mbu na malaria, nawe unarudi kwenye dalili ya damu.

Na simu? Ndiyo, ina hatia, ila watu wanaishitaki kwa kosa lisilo lake. Haiozeshi ubongo. Inaiba usingizi, na inauzoesha ubongo kuruka. Kila ukitoka kwenye ukurasa kwenda kwenye ujumbe na kurudi, unalipa muda wa kujikumbusha ulikuwa wapi, na ukiruka mara thelathini kwa saa hujasoma saa nzima. Kipimo changu ni hiki: mpe ukurasa mmoja wa kitabu au gazeti, simu ikiwa chumba kingine, asome mara moja, kisha amsimulie mtu mwingine. Fanya hivyo jioni saba mfululizo, na simu ilale sebuleni kwa mzazi usiku huo wote. Ikiwa siku ya saba anasimulia vizuri kuliko ya kwanza, umeshapata chanzo. Ikiwa hakuna tofauti, rudi kwenye damu na jikoni, angalia na masikio, acha kugombana naye.

Kuna na suala la kazi ya kichwa kukabidhiwa mashine. Sasa programu inaandika insha na kukokotoa hesabu mtoto akitazama. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walichapisha picha za ubongo wa madereva wa teksi wa London, wanaolazimika kukariri maelfu ya mitaa: sehemu ya ubongo inayotunza ramani ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Ubongo hukuza kinachotumika. Mimi siwakatazi wanafunzi wangu programu hizo. Nawataka waandike jibu lao kwanza kwa kalamu, ndipo walilinganishe. Na nyumbani nawashauri wazazi wamfundishe mtoto bao, kwa sababu huwezi kucheza bao bila kuhesabu kete za mbele kichwani.

Dalili: hafuati maelekezo

Fupi hii. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Mpe kitabu umwone anakishika umbali gani. Usaha sikioni, nta iliyoziba, macho yasiyoona ubao: nimeona mtoto aliyeitwa mzito miaka mitatu akihamishiwa dawati la mbele na kuwa wa tano darasani.

Dalili: kijana aliyekuwa mwerevu amebadilika

Aliwahi kuanguka na bodaboda bila kofia ngumu, hata kama hakulazwa? Anakunywa nipa, ile gongo ya mabibo? Msimu wa mabibo uraka, pombe ya maji ya mabibo, unageuka kinywaji cha kila siku, na nipa ni kali zaidi, na mnywaji wa kudumu asiyekula vizuri hupungukiwa vitamini B1, ambayo bila hiyo kumbukumbu inakatika. Anapuliza dawa za wadudu kwenye mikorosho bila barakoa wala glovu? Baadhi ya viuatilifu huua mdudu kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, na mishipa ya fahamu ya mtu haiko tofauti sana.

Uliza pia kuhusu risasi, yale madini mazito ya kwenye betri za gari. Petroli yenye risasi iliachwa Kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliacha mwaka 2021. Lakini mvuvi anayeyeyusha betri kuukuu uani ili atengeneze chubwi za nyavu anawavutisha watoto wake moshi wenye risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Hamisha kazi hiyo mbali na nyumba leo, na mchanga wa pale uani usichezewe na watoto.

Dalili: mzee anasahau

Tafadhali tusiseme ni uzee tu, na tusiseme uchawi. Bibi anayetangatanga usiku na kuwasahau wanawe ni mgonjwa, anahitaji kulindwa, na kumwita mchawi kunaweza kumponza uhai wake.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliorodhesha visababishi 14 vinavyoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, vikiwemo shinikizo la damu, kisukari, masikio na macho yasiyotibiwa, sigara, pombe, sonona na upweke. Wakakadiria kwamba kama vyote vingeondolewa, karibu asilimia 45 ya ugonjwa huo ungezuilika au kucheleweshwa. Kwa hiyo mpeleke akapimwe presha na sukari, mtoto wa jicho akaondolewe, nta ya sikio isafishwe. Kisha mtafutie wa kuongea naye. Mjomba ambaye zamani kila neno la ukoo lilipita kwake, sasa watoto wote wako Dar na anakaa barazani peke yake kutwa nzima, atadorora hata kama presha yake ni nzuri.

Umerekebisha: ngoja muda gani?

Badilisha kitu kimoja, uandike tarehe, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kilichosaidia, na fedha ikipungua utaacha kile cha maana. Usingizi ukirekebishwa, ipe wiki mbili. Damu huanza kupanda ndani ya mwezi, lakini vidonge viendelee kama miezi mitatu ili akiba ijae, hata mtoto akionekana mzima. Chumvi na muhogo ni kazi ya miezi, na faida yake kubwa utaiona kwa mtoto atakayezaliwa. Ukienda hospitali na tatizo bado lipo, nenda na daftari: lini lilianza, nini alikuwa anaweza, umejaribu nini. Mama yule wa darasa la sita alikwenda na kurasa zake mbili, ya Februari na ya Julai, na tabibu aliziangalia kabla hajamwangalia mtoto.

Sikio lililozibwa na nta halihitaji kungojea. Husikia siku hiyohiyo.